Ramani ya madini ya Masisi na Walikale: nani ataisoma kwanza?

Machimbo ya Rubaya, katika wilaya ya Masisi, yakitazamwa kwa mbali yanafanana na mlima uliochunwa ngozi. Miteremko iliyokuwa malisho ya ng'ombe imegeuka nyekundu na nyeupe, mashimo yamefunguliwa moja juu ya jingine, na maji ya kuoshea koltani yanateremka mabondeni yakiwa mazito kama uji. Mtu aliyesimama pale huona rangi mbili tatu za udongo. Satelaiti ya Ujerumani iitwayo EnMAP, iliyorushwa Aprili 2022, huona zaidi ya 200.

Hiyo ndiyo kazi ya upigaji picha wa haipaspektra. Kamera ya simu huugawa mwanga katika rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kamera ya haipaspektra huugawa katika vipande vyembamba zaidi ya mia mbili, vikiwemo vingi ambavyo jicho la binadamu haliwezi kuviona. Kila aina ya udongo na jiwe humeza mwanga kwa namna yake. Kaolini, ule udongo mweupe unaoteleza, huacha alama ya meno mawili karibu na nanomita 2,200. Mika huacha jino moja mahali hapo hapo. Kutu ya chuma inayoipa milima ya Kivu wekundu wake huacha alama nyingine kabisa, karibu na nanomita 900. Anayejua kusoma alama hizo anaweza kuketi Potsdam au Roma akachora ramani ya udongo wa Masisi bila kukanyaga tope lake.

Kwa jinsi upepo unavyovuma sasa, wazo la kuyapima upya machimbo ya zamani ya Kivu Kaskazini kwa teknolojia hii halitakosa wafadhili. Juni 27, 2025, Kongo na Rwanda zilitia saini mkataba wa amani mjini Washington, na madini yalikuwa ndani ya mazungumzo hayo tangu mwanzo. Julai mwaka huo huo Kinshasa ilisaini makubaliano na KoBold Metals, kampuni ya Marekani inayotafuta madini kwa kutumia akili bandia. Desemba ukafuata ushirikiano wa kimkakati kati ya Kongo na Marekani. Wenye fedha wanataka ramani, na wanazitaka haraka.

Teknolojia hii ije. Hakuna sababu ya kuikataa. Kinachopaswa kukataliwa ni utaratibu wa kazi ambao Kivu imeuzoea kwa miaka mia: kwanza utajiri unapimwa, kisha unagawanywa kwenye meza za mbali, na mwenye shamba anaarifiwa mwisho, mara nyingi kwa kuona uzio umewekwa. Safari hii kazi ianzie kwenye vifusi, miteremko na maji ya machimbo ya zamani, na matokeo yawafikie kwanza watu wanaoishi chini ya miteremko hiyo.

Kuna sababu ya kiufundi inayounga mkono utaratibu huo, na wauzaji wa ndoto hawaisemi. Kamera hii haioni koltani. Koltani na kasiterite ni mawe meusi au ya kahawia iliyokolea, na katika mwanga unaopimwa na satelaiti hizi hayana alama iliyo wazi ya kuyatambulisha. Kinachoonekana ni majirani zake. Kule Rubaya koltani imo ndani ya miamba ya pegmatiti ambayo imeoza kwa mvua za maelfu ya miaka hadi ikawa kaolini, pamoja na mika inayometameta. Kule Bisie, katika msitu wa Walikale, kasiterite imelala ndani ya miamba yenye kloriti, jiwe la kijani ambalo lina alama yake. Mtaalamu anatafuta kaolini, mika na kloriti, halafu anakisia. Wakati mwingine anapatia. Wakati mwingine anakuta mlima mzima wa kaolini usio na hata kilo moja ya koltani.

Halafu kuna msitu. Sehemu kubwa ya Walikale imefunikwa na miti ya msitu wa mvua, na mwanga huu haupenyi majani. Kinachopimwa pale ni majani yenyewe. Juu ya majani kuna mawingu. Kila nukta ya picha ya EnMAP, au ya satelaiti ya Italia PRISMA iliyorushwa Machi 2019, ni mraba wenye upande wa mita 30, ilhali mdomo wa shimo la mchimbaji mdogo hauzidi mita moja au mbili. Chombo cha NASA kiitwacho EMIT, kilichopandishwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga Julai 2022, kina nukta kubwa zaidi, za mita kama 60. Kwa hiyo anayeahidi ramani ya hazina iliyofichika chini ya msitu wa Walikale kwa picha za angani za aina hii anauza upepo.

Mahali ambapo kamera inafanya kazi vizuri ni pale ambapo miti imekwisha kukatwa na ardhi imepinduliwa tumbo juu: vifusi, mabwawa ya kuoshea, miteremko iliyo uchi. Yaani machimbo ya zamani. Teknolojia yenyewe inaelekeza huko, kwenye majeraha kabla ya hazina, na ingekuwa ajabu kuilazimisha itazame kwingine kwa sababu tu mwekezaji anapendelea kusikia habari za mwamba mpya.

Majeraha hayo yana umri. Makampuni ya kikoloni yalichimba kasiterite na madini mengine katika milima ya Kivu, na mwaka 1976 kadhaa kati yao yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Bei ya bati iliporomoka duniani mwaka 1985, kampuni ikaanza kufa taratibu, na kufikia mwaka 1997 ilikuwa imefilisiwa, SAKIMA ya serikali ikarithi vitalu. Vibarua walibaki. Wengi walirudi kwenye mashimo yale yale kwa sururu na beleshi, watoto wao wakafuata, na baada yao wakaja wenye bunduki. Ndiyo maana neno "machimbo ya zamani" lina utata kwa Masisi na Walikale. Karieri inaweza kuwa imefungwa kwenye karatasi za Kinshasa huku watu elfu kadhaa wakiwa ndani yake asubuhi hii.

Na ramani za wakati ule ziko wapi? Sehemu kubwa ya kumbukumbu za kijiolojia za makampuni hayo imehifadhiwa Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren. Makubaliano ya mwaka 2025 kati ya Kinshasa na KoBold yaligusa pia kumbukumbu hizo, kwa kuwa kampuni inayotumia akili bandia inahitaji karatasi za zamani za kuilisha. Mtoto wa mchimbaji wa SOMINKI aliyeko Walikale leo hana njia ya kujua baba yake alichimba mwamba gani, wakati maelezo ya mwamba ule yamo kwenye kabati la Ulaya yakisubiri kusomwa na mashine ya California. Ikiwa picha za haipaspektra nazo zitasafiri kwa njia hiyo hiyo, patakuwa na kabati la pili.

Kwa nini vifusi vije mbele? Sababu ya kwanza ni uhai. Kaolini ikilowa inateleza, na kila msimu wa mvua miteremko ya Rubaya inaporomoka juu ya watu. Mwishoni mwa Januari 2026 maporomoko mengine yaliwafunika wachimbaji, na maofisa wa upande wa M23 walisema waliokufa wamepita 200. Hakuna satelaiti inayoweza kutaja siku mlima utakapoanguka. Lakini ramani inayoonyesha wapi kaolini imekaa juu ya mteremko mkali, ikiunganishwa na vipimo vya mwinuko na ya mvua, inaweza kuonyesha upande gani wa mlima ni kaburi linalosubiri. Hilo ni jambo dogo kwa kampuni ya utafutaji madini. Kwa mama anayeuza chakula chini ya mteremko huo si dogo.

Sababu ya pili ni maji. Tope la kuoshea madini halibaki machimboni. Maji ya Bisie yanaishia mto Oso, Oso unaingia Lowa, na Lowa unaendelea magharibi hadi Lualaba. Wavuvi na kina mama wanaochota maji huko chini wanaona mto umebadilika rangi lakini hawana kipimo cha kupeleka kwa mkuu wa sekta. Picha zinazopigwa mwaka baada ya mwaka zinaweza kuonyesha tope limeongezeka wapi na limetoka bonde gani.

Sababu ya tatu ni fedha. Kilichotupwa na mchimbaji wa jana kinaweza kuwa mali ya leo. Manono, kule Tanganyika, ilichimbwa bati kwa miongo mingi, na jiwe lenye lithiamu likapuuzwa kwa kuwa halikuwa na mnunuzi. Sasa makampuni yanashitakiana kimataifa kwa ajili ya jiwe hilo hilo. Huko Masisi na Walikale mchimbaji mdogo huosha kwa beseni na karai, na sehemu ya madini hupotea na maji. Vifusi hivyo viko juu ya ardhi, havihitaji shimo la mita 60 wala mtu kufukiwa. Ushirika wa wachimbaji ukijua kifusi kipi kina mika na mabaki ya pegmatiti, unaweza kuchukua sampuli, kuipima maabara, na kudai kitalu kihalali. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaruhusu maeneo maalumu ya uchimbaji mdogo. Wanachokosa wachimbaji ni ushahidi wa kuweka mezani, na karatasi za mezani daima zimekuwa za upande mmoja.

Sheria hiyo hiyo inaelekeza asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa sekta au sheferi ambamo mgodi upo. Bisie imo katika sekta ya Wanianga. Mgodi wa bati wa Alphamin hapo ulitoa zaidi ya tani 17,000 mwaka 2024, kiasi kinachokaribia asilimia 6 ya bati ya dunia. Bila ya kumtuhumu yeyote, ofisi ya sekta inayopaswa kujadiliana na mgodi wa ukubwa huo haina mjiolojia wala ramani yake yenyewe. Inapokea takwimu za mwenzake na kusaini.

Bisie yenyewe ni somo kuhusu ujuzi wa mahali madini yalipo. Kasiterite yake ilianza kuchimbwa kwa mikono mwanzoni mwa miaka ya 2000. Habari zilienea kwa mdomo tu, bila satelaiti, na maelfu wakaja. Wabebaji walivuka msitu kwa miguu na magunia ya kilo 50 mgongoni hadi Njingala, wakilipishwa ushuru njiani na wanajeshi. Kwa miaka kadhaa brigedi ya 85 ya jeshi la taifa ilijifanya mwenye mlima. Machi 2025, M23 ilipokuwa ikisonga kuelekea Walikale mjini, mgodi wa kisasa ulisimama na wafanyakazi wakaondolewa, kisha kazi ikarejea Aprili baada ya waasi kurudi nyuma.

Hapa ndipo wenye mashaka wanaposema: ramani yoyote mpya itakuwa dira ya wenye bunduki. Hoja hii ni nzito na haipaswi kupuuzwa. Lakini kwa Rubaya imechelewa. M23 imeshikilia mji huo tangu mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kuwa ushuru wa koltani peke yake ulikuwa unawaingizia waasi karibu dola 800,000 kwa mwezi. Eneo hilo linatajwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Mwenye bunduki hahitaji nanomita 2,200 kujua mahali pa kuweka kizuizi. Anafuata mstari wa wabeba magunia. Aliyebaki gizani ni raia.

Walikale ni tofauti. Huko kuna vijiji ambavyo bado havijajulikana kwa madini, na ndiyo salama yao. Kwa hiyo mstari uwekwe waziwazi: picha za machimbo yaliyokwisha kufunguliwa, ambayo kila mtu anayajua, zitangazwe zote, dalili za mahali papya penye kutiliwa shaka zisitangazwe wala kuuzwa hadi wenyeji washirikishwe na pawe na ulinzi unaoaminika. Hilo linahitaji taasisi inayoweza kutunza siri, na ukweli ni kwamba huduma ya jiolojia ya taifa na ofisi ya usajili wa vitalu, CAMI, bado hazijaijenga imani hiyo huko Kivu. Kuna hatari hapo. Ila hatari ni kubwa zaidi ikiwa siri itatunzwa na kampuni peke yake.

Afghanistan ilipita njia hii. Mwaka 2007 ndege za watafiti wa Marekani zilipiga picha za haipaspektra juu ya sehemu kubwa ya nchi ile, na ramani zikatolewa mwaka 2012. Kwa kamera, Afghanistan ni paradiso: kavu, haina msitu, miamba iko wazi. Kati ya miaka hiyo, 2010, maofisa wa Marekani walitangaza kuwa utajiri wa madini chini ya nchi hiyo unakaribia dola trilioni 1. Taliban wakarudi Kabul mwaka 2021 wakakuta madini bado yamo ardhini. Ramani ilikuwa nzuri sana. Mwanakijiji hakuwahi kuwa miongoni mwa wasomaji wake, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza angeitumiaje.

Nani basi aisome hii ya Kivu? Goma ina kituo cha kuchunguza volkano, OVG, ambacho watu wake wamezoea kufanya kazi na picha za satelaiti za Nyiragongo na Nyamulagira kwa miaka mingi. Kuna wanajiolojia katika Chuo Kikuu cha Goma na Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Miji yote miwili imekuwa chini ya M23 tangu Januari na Februari 2025, na mfadhili yeyote wa Ulaya atasema hawezi kushughulika na taasisi zilizo upande ule. Hilo linaeleweka, lakini mwanafunzi wa jiolojia hakuhama nchi. Mji ndio uliobadilisha bendera. Mafunzo yanaweza kutolewa kwa mtu mmoja mmoja, Kinshasa, Kampala au kwa intaneti, na data za kisayansi za satelaiti hizi mara nyingi hutolewa bila malipo kwa anayejiandikisha na kueleza utafiti wake. Gharama kubwa ni kompyuta, umeme na mwalimu mwenye subira.

Jambo moja lisifanywe kabisa kwa sasa: kurusha droni zenye kamera hizi juu ya machimbo. Vitabu vyote vya taaluma vinasema droni ndiyo dawa ya nukta za mita 30, na ni kweli. Lakini watu wa Masisi na Walikale wanaijua droni kwa jina jingine. Tangu Desemba 2013, Umoja wa Mataifa uliporusha droni zake za kwanza za uchunguzi kutoka Goma, hadi droni za mabomu za vita hivi, mlio ule angani una maana moja. Mtafiti atakayeirusha Rubaya atawekea hatari uhai wake na wa kijana aliyembebea betri. Kwa sasa satelaiti inatosha, pamoja na sampuli za udongo zitakazochukuliwa na wachimbaji wenyewe pale inapowezekana, kwa sababu bila jiwe la kulinganisha picha ni dhana tu.

Ramani ikishapatikana isifungwe kwenye ripoti ya Kifaransa ya kurasa 80. Bashali, Bahunde, Wanianga na Bakano wana wakuu wao, wana makanisa, wana redio za jamii. Isomwe redioni kwa Kiswahili: mteremko huu una kaolini hadi barabarani, bonde hili limeziba. Mchimbaji ambaye hana kazi nyingine huenda ataingia shimoni hata hivyo. Lakini mkuu wa mashimo, yule wanayemwita PDG, hataweza tena kumwambia mjane kwamba ilikuwa kazi ya Mungu na hakuna aliyejua.

Suala lililobaki ni la kalenda. Picha safi za milima ya Masisi hupatikana zaidi kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu yanapopungua. Septemba mvua zinarudi. Satelaiti kama EnMAP huelekezwa kwa maombi, na maombi hayo huandikwa mapema. Atakayeomba kwanza ndiye atakayeamua kamera itazame nini. Hadi sasa wanaojua hata kwamba ombi kama hilo linaweza kuandikwa wako mbali sana na Rubaya.